Miguu ya Parokia Nzima

Georgia Vacek alipohamia Kolorado kulea wajukuu, kliniki ya miguu ya Daktari Tate ilibaki na mashine nzuri ya eksirei na mtu mmoja tu wa kuigusa, naye ni daktari mwenyewe. Sheria ya jimbo haina mchezo katika jambo hilo. Anayebonyeza kile kitufe awe daktari, au awe mtu aliyesomea, akafanya mazoezi mbele ya daktari, akafaulu mtihani, na cheti chake kikatundikwa mahali ambapo mgonjwa anakiona. Georgia alikuwa nacho. Siku ya kuondoka alikishusha ukutani, akakiviringishia taulo, akaenda nacho.

Basi ikawa Daktari Tate anachoma sindano chumba hiki, anavua glavu, anakimbilia chumba cha pili kupiga picha, anarudi mbio, na huku wagonjwa wanasinzia kwenye viti vya mapokezi. Lawama zote zilimshukia Darlene Orsak, mwanamke wa miaka hamsini na ushee aliyekaa pale mbele akipanga miadi na kupokea simu.

"Darlene, hivi nimekuja kutibiwa kidole au nimekuja kuzeekea hapa?" mzee Alfons Kallus alimuuliza siku moja.

"Vumilia, Mzee Kallus. Daktari ana mikono miwili tu."

"Basi mwambie atafute mingine."

Daktari alikuwa amesikia. Saa ya chakula, akila saladi yake huku amesimama kama kawaida yake, akamwita.

"Darlene, nataka ukasome."

"Nikasome nini tena?"

"Eksirei. Ya miguu tu, kuanzia kifundo kushuka chini. Masomo mengine utasoma nyumbani kwenye kompyuta, Jumamosi utakwenda mjini, mazoezi utafanya hapa nikikuangalia. Halafu mtihani."

Darlene akacheka mpaka akashika meza. "Daktari, mimi? Mimi niliyemaliza shule kwa huruma ya mwalimu wa hesabu?"

"Huyo mwalimu simjui. Wewe nakujua," akasema daktari, akafunika bakuli lake na kuingia chumbani.

Yolanda Tate alikuwa mtu wa jiji kubwa la Houston, mrefu, mwenye sauti ya chini, na hakuwa na mazoea ya kumwaga sifa. Alikuja katika mji huu mdogo ambao nusu ya watu wana majina ya Kicheki na nusu iliyobaki wameoa humo humo, akajifunza kuyatamka majina yote bila kuuma ulimi. Kwa Darlene, yale maneno mawili, "wewe nakujua", yalikuwa mazito. Alirudi nayo nyumbani akiwa ameyakumbatia kama mtoto.

Mumewe, Ervin, alikuwa mtu wa ng'ombe na majani makavu, na hakupenda kupoteza maneno. Alisikiliza, akatafuna, akameza.

"Utaweza," akasema, akaomba aongezewe viazi.

Aliyefurahi kwa kelele ni mama yake Ervin, Bi Albina, aliyeishi nao tangu alipofiwa na mumewe. Alikuwa anakaribia themanini, mwembamba, mwenye macho ya kuchokoza, na parokia nzima ilimjua kwa jambo moja. Kila kiangazi kwenye sikukuu ya parokia, bendi ikishika vyombo, yeye ndiye aliyefungua ngoma. Alianza akiwa bibi harusi, na hata mumewe alipofariki hakuacha. Alimkamata yeyote aliyesimama karibu, akamzungusha kwa ngoma ya polka mpaka mtu akaomba maji.

"Mkwe wangu atakuwa mpiga picha za mifupa!" akatangaza. "Ngoja nimpigie simu shoga yangu Lillian."

"Mama, bado hata sijaanza."

"Ndiyo maana nampigia sasa. Hutaweza kurudi nyuma, watu wote watakuwa wanajua."

Darlene akaanza. Kila jioni baada ya vyombo alifungua kompyuta mezani jikoni. Wiki za kwanza alijiona kama mtu aliyetupwa kwenye kisima. Miale, volti, vivuli, majina ya mifupa midogo midogo ambayo hakuwahi kujua kama anatembea juu yake. Lakini taratibu mambo yakaanza kumwingia, kwa sababu kila sheria ilikuwa na maana yake. Unasimama mbali kwa sababu mwale unapungua nguvu kadiri unavyokwenda. Unamvisha mgonjwa aproni ya madini ya risasi, yale yanayozuia miale, kwa sababu tumbo lake halijakukosea kitu. Unabana mwanga uangukie pale panapotakiwa tu. Na unapanga mguu vizuri mara ya kwanza, maana picha mbaya itabidi irudiwe, na kila kurudia ni mwale mwingine mwilini mwa mtu. Hilo la mwisho lilimgusa sana. Hakuwahi kufikiria kwamba uzembe wa mkono wake unaweza kumwingia mtu mfupani.

Kupanga mguu alijifunzia kwa mama mkwe. Boksi la viatu likawa sahani ya kupokea picha, tochi ya Ervin ikawa mashine.

"Simama wima, Mama. Uzito uwe sawa miguu yote miwili."

"Nimesimama tangu nizaliwe, leo ndiyo unifundishe?"

"Umeegemea kushoto."

"Naegemea panaponipendeza." Akajiweka sawa kidogo. "Haya, piga. Nitabasamu?"

"Napiga mguu, Mama."

"Basi mguu utabasamu."

Darlene akavuta mguu wa kulia auweke kiubavu, na Bi Albina akauchomoa haraka. "Mikono yako kama barafu, mtoto wewe! Paka joto kwanza." Wakacheka, wakahamia mguu wa kushoto.

Mambo yakaenda vizuri mpaka ilipofika zamu ya mazoezi ya kliniki. Hapo Darlene alitakiwa kupiga picha za kweli, za wagonjwa wa kweli, daktari akiwa amesimama nyuma yake na kutia sahihi kila moja. Na hapo sheria ilikuwa kali kuliko kote: haruhusiwi mtu mzima wa afya kupigwa mwale eti mwanafunzi apate kujifunza. Mguu lazima uwe na shida, na shida hiyo daktari awe ameiona. Ila wakati huo, sijui ni neema au ni bahati mbaya, mji ulikuwa umepata afya. Wagonjwa waliokuja walikuwa wa kucha na sugu, mambo yasiyohitaji picha. Wiki ikapita, ikaja nyingine, na Darlene hakuwa amepata picha za kutosha hata za kuanzia.

Akalalamika nyumbani, jambo moja tu, kwa sentensi moja tu, akipakua mchuzi. Bi Albina alikuwa akitingisha kichwa kama mtu anayepiga hesabu.

Jumamosi kina mama wa parokia, Bi Albina akiwamo, walikutana ukumbini kukanda unga wa kolache za mnada wa sikukuu, yaani vimkate vitamu vya Kicheki, zile za plamu na zile za jibini, na Jumatatu asubuhi Darlene alipofungua mlango wa kliniki alikuta foleni. Alikuwapo Lillian Hajovsky, anachechemea. Alikuwapo dada wa Lillian, anachechemea. Alikuwapo mpiga kodiani wa bendi, ameshikiliwa na mkewe. Alikuwapo Mzee Kallus na fimbo ambayo haikuwa yake, maana ilimfika kifuani.

"Kuna nini leo?" Darlene akauliza.

"Miguu, mwanangu," akasema Lillian kwa sauti ya mgonjwa mahututi. "Miguu imetukamata wote." Halafu akamkonyeza.

Daktari Tate aliwaona mmoja mmoja. Alibonyeza, alikunja, alikunjua. Wa mwisho alikuwa Mzee Kallus. Alimtazama akiingia, akamtazama akipanda kitandani, akamtazama akishuka.

"Mzee Kallus, umeingia ukichechemea mguu wa kushoto."

"Ndiyo, daktari. Unaniua huo."

"Sasa unachechemea wa kulia."

Mzee akaitazama miguu yake, mmoja baada ya mwingine, kama anayetafuta msaliti. "Umehama," akasema.

Watu wa mapokezi walivunjika mbavu. Daktari hakucheka. Aliwaaga wote kwa adabu, akafunga mlango, akamgeukia Darlene.

"Hii ni kazi yako?"

"Hapana, daktari. Nakuapia."

"Miale si kolache, Darlene, ya kugawia majirani kwa upendo. Mtu akija hapa akanidanganya anaumwa, nami nikamwamini, nimempitishia kitu mwilini asichokihitaji. Kesho cheti kitakuwa chako. Watakuja hivi hivi, watakubembeleza, ni ndugu zako, ni marafiki. Utasema hapana?"

"Nitasema."

"Sawa. Basi anza na huyo aliyewatuma."

Darlene alirudi nyumbani uso unawaka. Alimkuta Bi Albina anamenya viazi kwenye sinki, ameshangilia mwenyewe kabla hajaulizwa.

"Umepata picha ngapi?"

"Sikupata hata moja! Mama, umenidhalilisha. Daktari amedhani nimepanga mimi. Nilitaka ardhi ipasuke."

Kisu kikasimama. "Nilitaka kukusaidia."

"Najua ulitaka kunisaidia! Ndiyo maana sijui hata nikasirike vipi."

Bi Albina akainamisha kichwa, akaendelea kumenya polepole, kiazi kikazidi kuwa kidogo. Darlene alivuta kiti akakaa, amechoka, anamtazama mgongo. Ndipo akaona. Akili yake ilikuwa imeshazoea kutazama watu kuanzia chini. Bi Albina alikuwa amesimama mguu mmoja. Kiuno ameegemeza kwenye sinki, na mguu wa kulia ameuweka kando kama mgeni. Tena alikuwa amevaa makubadhi ya Ervin, makubwa kama mitumbwi, yeye ambaye hata bustanini alivaa viatu vya kufunga.

"Mama, tangu lini unavaa vya Ervin?"

"Joto."

"Kaa hapa."

"Nina viazi."

"Mama, kaa."

Akakaa. Darlene alipiga magoti, akavua kubadhi, akapitisha kidole gumba taratibu juu ya wayo. Ulikuwa umevimba, una joto. Alipofika katikati, Bi Albina alivuta pumzi kwa meno, machozi yakamlenga.

"Mikono yangu leo si ya baridi," Darlene akasema kwa upole.

"Si ya baridi."

"Ni tangu lini?"

"Tangu Pasaka. Nilikuwa najifanyia mazoezi ghalani. Lile zungusho la kushoto." Akamshika Darlene bega. "Usimwambie daktari. Sikukuu imefika mlangoni. Atanikataza."

Darlene hakujua acheke au alie. "Parokia nzima imekuja kuchechemea kwa uongo, na aliyewatuma ndiye pekee mwenye mguu wa kweli!"

"Ningekuja mimi," akasema Bi Albina kwa sauti ndogo, "mngeujua."

Asubuhi yake alimpeleka mwenyewe. Daktari Tate aliushika ule mguu kwa muda mrefu kuliko alivyoishika yote ya jana, akaandika maelekezo ya picha, akamtazama Darlene.

"Mpange."

Darlene alimfunga mama mkwe aproni ya risasi, akamfunga vizuri kiunoni kama anayemvika mtoto sare. Alimsimamisha juu ya sahani ya picha, akarekebisha kisigino, akashusha mwanga, akaubana. Alisikia daktari anakuja nyuma yake, anakagua. Daktari hakugusa chochote. Wakarudi wote wawili nyuma ya ukuta wa kinga.

"Bonyeza," akasema.

Darlene akapiga moyo konde, akabonyeza. Ikalia mlio mfupi tu, na kumbe huo ndio aliokuwa akiuogopa miezi yote.

Picha ilitokea kwenye skrini, kali, safi, kila mfupa mahali pake. Katika mfupa wa tatu wa wayo kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na pembeni yake wingu dogo, mfupa ukijaribu kujiziba wenyewe huku mwenyewe akiuchezesha polka ghalani.

"Picha nzuri," akasema Daktari Tate. Darlene alikuwa amefanya kazi naye miaka, na hakuwahi kumsikia akitumia neno "nzuri".

Bi Albina akapewa buti la tiba, jeusi, lenye mikanda. Akaliangalia kama mtu anayeonyeshwa nyoka.

"Na sikukuu?"

"Utakula nyama, utapiga soga, utapiga makofi," daktari akasema. "Hutacheza."

"Hata ya kufungua tu?"

"Hata ya kufungua tu."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Bi Albina alipiga mapigo ya polka kwa kidole gotini. Hilo peke yake lilimtia Darlene hofu.

Siku ya sikukuu ilifika na jua lake. Moshi wa nyama ulikuwa umetanda tangu alfajiri, watoto wanakimbizana chini ya meza, mnadani mtu anapigania pai. Bi Albina aliketi mbele kabisa ya jukwaa, buti limenyooka kwenye kiti cha pili, amevaa gauni lake jekundu lile lile. Watu walikuja kumpa pole, naye akawafukuza. Bendi ikashika vyombo. Mpiga kodiani akamtazama, akasita. Sakafu ya mbao ilikuwa tupu, na watu waliizunguka wakitazamana, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza.

"Ervin!" Bi Albina akaita.

Ervin, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa na sahani yake, akajifanya hakusikia.

"Ervin Orsak, mwanangu wa kumzaa! Weka hiyo nyama chini. Mchukue mkeo."

"Mama, mimi sichezi. Nilicheza siku ya harusi."

"Na nilikuona. Ndiyo maana nimekupa muda wa kupumzika miaka yote hii. Sasa umetosha."

Watu wakapasuka kwa kicheko. Ervin akaweka sahani, akajifuta mikono kwenye suruali, akaja akiwa mwekundu mpaka masikioni. Darlene naye moyo unamdunda kuliko siku ya mwale. Kodiani ikalia. Wakaanza vibaya, yeye kulia, mume kushoto.

"Kushoto, Ervin! Kushoto kwako, siyo kwangu!" Bi Albina alikuwa anapiga mapigo kwa kiganja kwenye meza, na buti linatikisika kitini. "Inua goti! Ng'ombe wako wanacheza kuliko wewe!"

Ervin akaanza kucheka. Darlene hakumbuki ni lini alimwona akicheka namna ile, mdomo wazi, kichwa nyuma, na alipocheka mwili ukalegea na miguu ikaokota njia yake. Wakazunguka. Mara moja alimkanyaga kidole kwa nguvu zote, Darlene akapiga kelele, na Mzee Kallus akadakia kutoka pembeni, "Darlene, kesho jipige picha mwenyewe!" Kufika mzunguko wa tatu watu wote walikuwa sakafuni wakicheza, na Bi Albina, uso umelowa, anapiga meza na kuimba kwa Kicheki sauti ya juu kuliko bendi.

Sikukuu haiishi bila majeruhi. Jumatatu mmoja alikuja na kifundo kilichoteguka kwenye kuvuta kamba, mwingine na kidole alichoangushia sufuria la mchuzi, mwingine aliruka kutoka kwenye trela la majani makavu. Wote walikuwa na uvimbe ambao hata kipofu angeuona, na wakaendelea kuja. Daktari Tate alitia sahihi, akatia tena, mpaka hesabu ya sheria ikatimia kwa haki.

Mtihani Darlene aliufanyia mjini, chumba kina baridi kama friji. Alipotoka na kujua amefaulu, alikaa ndani ya gari mlango wazi, akampigia Ervin.

"Nimefaulu."

"Nilijua," akasema Ervin. Kisha, kabla hajakata simu, Darlene akamsikia akiwapigia kelele ng'ombe: "Amefaulu! Mnasikia? Amefaulu!"

Cheti kilipotoka Daktari Tate alikitundika mwenyewe, akarudi nyuma, akakinyoosha. Mgonjwa wa kwanza kukisoma alikuwa Mzee Kallus, herufi kwa herufi.

"Vizuri sana, hongera. Sasa nipige picha ya kiwiko, kinanisumbua."

"Cheti changu kinaishia kwenye kifundo cha mguu, Mzee Kallus."

"Si nitakiinamisha kiwiko mpaka hapo?"

"Hapana."

Akalitamka hilo hapana akitabasamu, na daktari, aliyekuwa anapita na glavu mkononi, akaendelea kupita bila kugeuka.

Bi Albina aliletwa na Ervin wiki hiyo hiyo, siku yake ya kuangaliwa. Safari hii Darlene aliingia naye peke yake. Alimvua buti, akamvisha aproni, akampanga, akaenda nyuma ya ukuta, akabonyeza. Picha ikaja. Pale palipokuwa na ufa palikuwa na fundo dogo jeupe, gumu, mfupa umejifunga wenyewe.

"Njoo uone, Mama."

Bi Albina akasogea karibu na skrini, akavaa miwani. Alifuata mifupa yake kwa kidole hewani, mmoja baada ya mwingine, bila kuigusa.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

"Kumbe ndani niko mzuri hivi," akasema.

Daktari Tate alikuja, akatazama, akalibonyeza lile buti tupu kwa ncha ya kiatu chake. "Hili usilivae tena. Nenda nyumbani. Polepole."

Hapo ndipo walipogundua. Bi Albina alikuwa amekuja na buti mguu mmoja na kiatu mguu wa pili, na hakuna aliyekumbuka kuleta kiatu cha kulia. Ervin akasema ataendesha arudi nyumbani akakichukue. Mama yake akamwambia asimchekeshe. Akafungua mlango wa kliniki mwenyewe, akatoka na kiatu kimoja na soksi moja ya maua, akishuka ngazi kwa madaha huku watu wa mapokezi wamesimama dirishani kumwona. Kokoto za maegesho zilikuwa za moto. Alikanyaga hatua ya kwanza, akapiga ukelele, akacheka, na Ervin akamnyanyua mikononi na kumbeba mpaka kwenye pikapu, gauni linapepea, mama akimwelekeza njia.